Mngurumo Si Mwendo: Niliyoyaona kwa Fundi wa Nuu

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mtoto wa chuoni, na mara nyingi nimelitia katika makala na mashairi yangu bila ya kulifikiria sana. Sikupata kulielewa sawasawa mpaka siku ile niliposimama chini ya mgunga, huko Nuu katika kaunti ya Kitui, nikimtazama kijana mmoja fundi akijaza mchanga mkavu ndani ya bomba la chuma.

Nuu, msomaji mpenzi, hapafikiki kwa bahati. Ukitoka kwetu Mombasa waipanda barabara kuu hadi Kibwezi, katika Makueni, kisha waikamata ile ya Mutomo na Kitui, ambayo siku hizi imetiwa lami, mpaka ufike Mwingi. Hapo ndipo safari yenyewe ilipotuanzia. Njia tuliyoishika ilikuwa ya vumbi jekundu na mchanga, imejikunja mawimbi madogo madogo mithili ya maji ya ufuoni wakati wa kusi. Gari lilitetema mpaka meno yakagongana. Nilikuwa nimealikwa harusi ya binti wa rafiki yangu wa zamani, mtu ambaye tulianza naye kazi ya uandishi.

Tulipofika mto Enziu dereva wetu alizima redio, na hapana aliyemwuliza sababu. Tarehe 4 Desemba, 2021, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini Nuu lilijaribu kuuvuka mto huo nao umefurika. Maji yalilisomba, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Nasi pia tulikuwa twaenda harusini. Siku hiyo mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na mbuzi wakipita katikati yake. Lakini abiria wote tulinyamaza mpaka tukatoka ng'ambo ya pili.

Kabla ya kufika tulisikia kishindo chini ya miguu yetu, kisha gari likaanza kunguruma kama simba mwenye jipu. Sailensa ilikuwa imekatika na kuangukia njiani. Dereva alishuka, akaiokota kwa kitambaa kwa kuwa ilikuwa ya moto, akaitupa nyuma. Tuliingia sokoni Nuu kwa mngurumo huo, watoto wakitukimbilia kwa furaha, nami nikiona haya, mtu mzima wa makamo na kofia yangu ya vito kichwani. Tukaelekezwa kwa fundi.

GARI LA MBIO CHINI YA MGUNGA

Karakana yake haina ukuta. Ina mabati manne juu ya miti, benchi moja, jiliwa, mashine ya kuchomelea, na uwanja mpana wenye mafuta yaliyokauka. Palikuwapo pikipiki kadhaa na pikapu moja ya mbuzi. Na katikati, likiwa limeinuliwa juu ya magogo, palikuwapo gari ambalo sikulitarajia: Subaru Impreza ya buluu, gari la mbio hasa, lenye tabo, bawa nyuma na tundu kubwa la hewa juu ya boneti.

Mwenyewe alikuwapo pia. Ni kijana mzaliwa wa hapo, afanyaye kazi Nairobi, aliyelinunua gari lile likiwa limeshatumika Japani. Alikuwa ameleta mambo mawili. La kwanza, ekzosi ibadilishwe, itengenezwe mpya, iwe na sauti itakayosikika toka sokoni hadi kilimani. La pili, springi zikatwe, gari lishuke, likae chini kama aliyoyaona pichani.

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinikaribisha kwa "Wi museo, Mzee," akanipa kigoda, akasema kazi yetu itachukua nusu saa, ila kwanza amalize bomba lililokuwa motoni. Nusu saa hiyo ikawa alasiri nzima, wala sikujuta.

Nieleze alivyofanya, kwa kuwa ni elimu. Bomba la chuma ukilipinda hivi hivi hujikunja na kuziba kama mrija uliobonyezwa. Yeye alilijaza mchanga wa mtoni, mkavu kabisa, kwa sababu mchanga mbichi ukipashwa moto hutoa mvuke na waweza kuua mtu. Akaushindilia kwa kugonga-gonga, akaziba ncha zote mbili, kisha akalipasha moto pale tu anapotaka kona. Likiwa jekundu alilipinda taratibu kufuata waya aliokuwa ameupinda kwanza chini ya gari kama kigezo. Mchanga huzuia chuma kisibonyee. Kona ilipotoka, ilikuwa ya mviringo kama mpini wa bakora.

Sailensa aliitengeneza vivyo hivyo. Ndani alitia bomba alilolitoboa matundu mengi kwa keekee, akalizungushia pamba ya chuma, nje akalifunika kwa bati nene. Moshi hutoka katika injini kwa mapigo, pigo baada ya pigo, na kila pigo ni kishindo. Kazi ya matundu na pamba ni kuvipokea vishindo hivyo na kuvipunguza makali. Alipomaliza kuchomelea, aliziba mdomo wa nyuma kwa tambara, akapuliza hewa, akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Palipotoka povu alirudia kuchomelea.

Nilimwuliza kwa nini ajisumbue hivyo, ilhali gari lenyewe latakiwa kupiga kelele. Akajibu, "Mzee, moshi ukivuja chini ya kiti haulii. Huna habari mpaka umelala."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Kweli, katika moshi wa petroli mna hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu. Ekzosi ipigayo kelele humkera jirani, lakini ivujayo humwua aliyemo ndani, na hiyo haina sauti yoyote.

KISICHOSIKIKA

Juu ya sauti, fundi na mwenye gari walikubaliana nusu kwa nusu. Kijana alitaka bomba wazi tokea kwenye tabo hadi nyuma. Fundi alimweleza kwamba gari lenye tabo hupenda njia pana ya kutolea moshi, hilo ni kweli, lakini njia kuwa pana si lazima iwe na makelele, na kelele si ushahidi wa nguvu. Akamwekea sailensa mbili badala ya moja. Sauti ikatoka nzito, ya chini, ya mtu mzima aliyeshiba.

Juu ya springi hapakuwa na nusu. Fundi alikataa katakata. Alichukua springi mkononi akanionyesha mimi, huku akisema naye. Springi ikikatwa haiwi fupi tu, huwa ngumu pia, kwa kuwa chuma kilichobaki cha kujipinda ni kichache. Shokomzoba iliyokuwa na kazi ya kuituliza springi ile ya kwanza haiwezi kuituliza hii ya pili, na gari huanza kurukaruka. Tairi lirukalo haligusi chini, na lisipogusa chini halishiki breki wala halifuati usukani. Tena gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi fupi yaweza kuchopoka mahali pake. Na ukiikata kwa moto, umeiharibu tabia yake. Itakuja kukatika siku ambayo hukuitaka.

Alikataa pia ile hila ya upande wa pili, ya kupachika vipande vya mpira katikati ya mizunguko ili gari liinuke. Alisema springi iliyofungwa mpira ni kama mtu aliyefungwa goti, atatembea lakini hawezi kuchutama. Badala yake alikuwa amepata springi na shokomzoba za Forester, ambayo ni ndugu yake Impreza aliye mrefu kidogo, akazifunga hizo.

Baadaye nilimwona akipakia magunia ya mchanga katika kiti cha nyuma. Nikauliza ni ya nini. Akanitazama kwanza kama apimaye iwapo nastahili kuambiwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama yake hupelekwa kliniki Mwingi kila mwezi kwa gari hili, pamoja na shangazi. Hayo magunia ndiyo mama na shangazi. Mimi namtengenezea mama yake, Mzee. Yeye analipa tu."

Hapo ndipo nilipokiweka kigoda changu karibu zaidi.

Alipima kwa futi ya utepe, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, bila mzigo na kwa mzigo. Alibonyeza gari kwa uzito wake wote akaliachia: lililo zima hupanda mara moja likatulia, lililo bovu huendelea kunesanesa. Halafu akafunga kiuzi kwenye fimbo ya kila shokomzoba na kulipeleka gari njiani. Fimbo ikizama, kiuzi husukumwa juu na kubaki hapo, na ukirejea unaona imezama kiasi gani. Kiuzi cha nyuma kulia kilikuwa kimefika mwisho kabisa. Alilegeza, akabadilisha upepo wa matairi, akaenda tena. Mara tatu. Hana mashine ya kompyuta, ana uzi na macho.

SIMBA WA BARABARA NA MAFUNDI WA ZAMANI

Pengine msomaji atasema: gari la mbio na Nuu wapi na wapi? Lakini mapenzi haya yana asili yake. Nchi hii imekuwa na Safari tangu 1953, mashindano yaliyoanzishwa kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na wengi wetu tulikulia kando ya barabara tukisubiri vumbi lipite. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda akiwa na Subaru Impreza, na Richard Burns akashinda nayo tena mwaka 2000. Mwenzetu Patrick Njiru naye aliziendesha Subaru katika miaka hiyo ya tisini, na jina la gari likaingia vinywani mwa watoto. Safari ilipotolewa katika mashindano ya dunia baada ya 2002, kisha ikarudi mwaka 2021 huko Naivasha, vijana walikwenda kwa misafara, na ekzosi zao zikasikika kabla ya kuonekana.

Walichokiona ni vumbi na mngurumo. Wasichokionyeshwa ni kwamba Safari haikupata kushindwa kwa kelele. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyekuja kuitwa Simba wa Barabara, alishinda pamoja na nduguye Jaswant wakiwa na Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari kuukuu! Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, gari dogo lililoyashinda makubwa. Alikuwa mwana wa gereji, aliyeshika spana kabla ya kushika sifa. Alijua kwamba katika barabara zetu ashindaye ni yule ambaye gari lake limefika likiwa na miguu yote minne.

Nasi watu wa pwani hatuna haja ya kufunzwa hilo na mgeni. Mtepe wa wazee wetu haukupigwa misumari, ulishonwa kwa kamba za nazi, ukawa na ulegevu wake ulipopanda juu ya fungu la mchanga au kupigwa na wimbi. Huo ulikuwa ndio springi yake. Nao Wakamba hawakuanza ufundi wa chuma jana. Misafara yao ilikuwa ikishuka pwani na pembe, na mwaka 1849 Krapf alipopanda kutoka Rabai kwenda Kitui alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa huko. Wahunzi wao walisifika kwa kusuka mikufu ya chuma na shaba iliyo laini kama uzi. Kijana wa Nuu afungaye kiuzi kwenye shokomzoba ni mrithi wa mikono hiyo, ajue asijue.

Maalimu wangu chuoni alikuwa akitusimulia Nabii Daud alivyolainishiwa chuma na Mola wake, kisha akaamrishwa apime sawasawa katika kuunganisha pete za deraya. Maalimu alikuwa akituuliza: mtu aliyepewa muujiza wa kulainisha chuma, kwa nini aambiwe apime? Na alijibu mwenyewe kwamba karama haimwondolei mtu wajibu wa kipimo. Halafu kuna wasia wa Luqman kwa mwanawe, ambao kila mtoto wa chuo ameupitia. Katika mengi aliyomuusia, mawili yamekaa pamoja: awe na kiasi katika mwendo wake, na ateremshe sauti yake, na akamkumbusha ubaya wa sauti ya punda. Mwendo na sauti. Nilipokuwa Nuu niliona kwamba hizo ndizo sehemu mbili za gari zilizokuwa zikibishaniwa.

LINALOTUPASA

Nisijifanye mtu mwema. Zamani, katika ujana wetu Mombasa, binamu yangu alikuwa na Datsun 1200. Tulimtafutia fundi wa mtaani akazikata springi, na mimi nilichanga pesa, kwa kuwa nilipenda kupanda mbele kidirisha kikiwa wazi. Tuliitoboa na sailensa pia. Siku moja, njia ya Malindi, gurudumu liliingia shimoni, gari likaruka, halikurudi barabarani. Mimi sikuwamo siku hiyo. Binamu yangu yu hai, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo hutembea kwa bakora, na hajapata kunilaumu hata mara moja. Laiti angenilaumu.

Ndiyo maana nasema hatukamati penyewe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, hutaka gari liwe na sailensa, na tangu 2009 kuna kanuni za kuzuia makelele chini ya sheria ya mazingira. Vyema. Zile pikipiki zipasuazo masikio toka Makupa hadi Kongowea, wakati watu wako katika tarawehe na watoto wamelala, hazina mtetezi kwangu. Lakini askari asimamishapo gari hutega sikio. Ni nani ainamaye kutazama springi iliyokatwa? Kelele hukamatwa kwa kuwa yasikika, na hatari hupita salama kwa kuwa imenyamaza. Ilhali katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya.

Dawa haimo katika kuwafukuza mafundi wa jua kali. Tangu 1972 Shirika la Kazi Duniani lilipotoa taarifa yake juu ya Kenya, imejulikana kwamba watu hawa ndio wanaoibeba sehemu kubwa ya kazi za nchi hii, na mwaka 1992 serikali ilitoa waraka mzima wa kuwaendeleza. Mitihani ya ufundi ipo, kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza. Fundi wangu wa Nuu anayo ya tatu. Ya pili hajaifanya, kwa kuwa nauli, ada na siku za kuacha kazi zimemshinda. Kwa nini mtahini asimwendee fundi alipo, akamtazama akifanya kazi? Na fundi aliyefaulu aandike jina lake katika kila kazi ya springi, breki na usukani, ili kukiwa na sifa aipate, na kukiwa na lawama aibebe. Fundi mbaya huogopa kuandika jina lake. Huyu wa Nuu, nadhani, angeliandika kwa chokaa.

Na serikali nayo ina springi zake za kutengeneza. Fundi aweza kulifanya gari livumilie mawimbi ya barabara, lakini hapana shokomzoba ya kuvukia mto uliofurika. Wale wa Enziu hawakuuawa na sailensa.

Jua lilipokuwa likizama, Impreza ilishushwa magogo. Mwenyewe aliizunguka mara mbili, amenuna kidogo kwa kuwa imekaa juu. Kisha mama yake akaja, ameitwa na fundi bila ya kijana kujua, akapanda kiti cha nyuma na mkoba wake. Wakaenda hadi mwisho wa soko, wakarudi. Kijana alipoteremka alisema gari lachelewa kuitika. Mama hakusema lolote juu ya gari. Alimwuliza fundi tu iwapo amekwisha kula.

Sailensa yetu ilichomelewa usiku kwa taa ya simu, na harusini tukaingia bila ya mtu kutusikia. Njiani kurudi Mombasa nilimtungia yule kijana wa Nairobi ubeti huu, na nawapa pia vijana wetu wa pwani:

Usipende mngurumo, kijana ukasifiwa,
Kila springi ina kimo, si haki kupunguziwa,
Na njia ina mashimo, na mito isovukiwa,
Mwendo mwema ni kufika, si kelele za kuvuma.